Moto juu, moto chini, majani mwisho

Bibi yangu mzaa mama hakuwa akinunua samaki aliyekatwa. Akifika pwani akakuta changu amekwisha gawanywa vipande, alipita kama hakumwona. Alikuwa akisema samaki mzima anajieleza mwenyewe, kwa jicho lake, shavu lake na tumbo lake, lakini kipande kinaelezwa na muuzaji. Alizaliwa Pemba, akaolewa Tanga, na nyumba yake ya Ngamiani, katika ile mitaa inayoitwa kwa namba, ndiyo niliyokulia. Humo ndimo nilimojifunza kuoka samaki, miaka mingi kabla sijaona oveni.

Watu wengi wanaoniambia kwamba samaki wa kuoka ni chakula cha hoteli wanasema hivyo kwa sababu wanafikiri kuoka ni mpaka uwe na jiko la umeme lenye mlango wa kioo. Mtu yeyote aliyelelewa pwani amekula mkate wa kumimina na keki zilizookwa vizuri pasipo umeme. Kinachotakiwa ni moto juu na moto chini. Samaki naye anakubali moto huohuo, tena kwa haraka zaidi kuliko keki. Ila kuna jambo moja ambalo wapishi wengi wanalikosea, hata wenye oveni za bei kubwa, na ndilo lililonifanya niandike: majani mabichi. Kotmiri na nanaa haziingii motoni. Zinangoja samaki atoke.

Nililijua hilo kwa hasara. Nilikuwa na miaka 16, Bibi amelala na homa, wageni wake wametoka Wete, na mimi ndiye niliyeachiwa jiko. Nilitwanga kila kitu pamoja kwenye kinu: pilipili, saumu, tangawizi, uzile, na fungu zima la kotmiri, nikampaka changu mpaka akawa wa kijani. Alipotoka motoni alikuwa na nyuzinyuzi nyeusi mgongoni na uchungu kama wa majani yaliyoungua, kwa sababu ndivyo yalivyokuwa. Wageni walikula kwa adabu. Bibi aliomba aonjeshwe kitandani, akatafuna polepole, akaniambia, "Mwanangu, kotmiri imekwenda na moshi. Siku nyingine iweke pembeni mpaka samaki atoke."

Sababu nilikuja kuielewa baadaye. Harufu ya kotmiri inakaa katika mafuta mepesi mno, ambayo yakipata joto yanaruka hewani. Jikoni unasikia harufu tamu, unafurahi, kumbe harufu hiyo ndiyo inayokukimbia. Sahani itabakiwa na jani tu. Uzile, ambao bara wanauita binzari nyembamba, hali yake ni nyingine kabisa: bila moto na mafuta hautoi kitu. Saumu mbichi inachoma ulimi, lakini ikipata moto inalainika na kuwa na utamu. Pilipili nayo inapenda mafuta, kwa sababu ukali wake, kitu kinachoitwa kapsaisini, unayeyuka katika mafuta na si katika maji. Ndiyo maana mtu aliyezidiwa na pilipili akinywa maji hapati nafuu, akinywa maziwa anapata. Kwa hiyo jiko la samaki wa kuoka lina zamu mbili. Viungo vikavu na pilipili vinatangulia na samaki, vikae naye motoni. Majani yanakuja mwisho, yakiwa mabichi.

Samaki mwenyewe ndiye anayeanza. Mimi nanunua Deep Sea, pale wavuvi wa Tanga wanaposhusha na mnada unapigwa. Nikipata changu wa kilo moja hadi moja na robo narudi nyumbani na furaha, maana mnofu wake ni mweupe, mtamu, na mifupa yake ni mikubwa, haimsumbui mtoto. Tasi ni mtamu pia, mnofu wake una mafuta kidogo, lakini miba ya mapezi yake ina sumu inayouma sana ikikuchoma, hata akiwa amekufa, kwa hiyo mwache mpaa samaki ayakate mapezi kwanza. Chewa mdogo anafaa. Kolekole anafaa ukimwahi asikauke. Nguru na jodari ni samaki wa vipande, wa kukaanga au wa mchuzi. Sipendi kuwaoka wakiwa wazima.

Angalia jicho: liwe limejaa, linang'aa, si lililozama na kuingia ukungu. Funua shavu, ndani kuwe na wekundu wa damu. Bonyeza ubavu kwa kidole. Mnofu urudi, usiache shimo. Harufu iwe ya maji ya bahari. Nikipata samaki wa mshipi namchukua kabla ya yule wa jarife, kwa kuwa wa mshipi ametolewa majini akiwa hai, na yule wa wavu pengine amekufa usiku akakaa humo saa nyingi.

Mwambao wetu wa Tanga una kidonda chake, na mnunuzi asipokijua anaweza kuwa anakilipia. Kwa miaka mingi watu wamevua kwa baruti. Mlipuko mmoja unaua samaki wakubwa na wadogo pamoja, na unavunja matumbawe ambayo yalichukua miaka mingi kukua. Sheria inakataza, doria zimefanywa, lakini madhara yake bado yapo baharini. Samaki wa baruti anajulikana ukimpasua: tumbo limejaa damu iliyovilia, uti wa mgongo umevunjika au umeachana na nyama, mnofu umelegea kama uliopigwa. Ukimwoka anavunjikavunjika kwenye sinia. Mimi nikimgundua namrudisha papo hapo, na namwambia muuzaji kwa heshima lakini kwa sauti ya kusikika kwa nini nimemrudisha. Nawaomba na wengine wafanye hivyo. Kila anayemnunua anaagiza mlipuko mwingine.

Na barafu, tafadhali. Safari ya daladala saa sita mchana na samaki ndani ya mfuko wa nailoni inatosha kumharibu. Kwa jodari na vibua hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa wakikaa kwenye joto mnofu wao unatengeneza kitu kinachoitwa histamini. Mtu akila uso unamgeuka mwekundu, kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio. Hata umpike samaki huyo vipi, sumu hiyo haiondoki. Changu hana tabia hiyo, ila naye anataka barafu.

Majira pia yana neno. Kaskazi inapovuma, kuanzia mwishoni mwa mwaka mpaka Machi, bahari inatulia, ngalawa zinakwenda mbali na samaki wanakuwa wengi. Kusi ikiingia baada ya hapo maji yanachafuka, samaki wanaadimika na bei inapanda. Siku za kusi mimi huoka vibua watatu wanne badala ya changu mmoja, nikishawaona wametoka mashuani asubuhi ileile, na viungo vyangu havibadiliki.

Sasa viungo. Kwa changu mmoja wa kilo moja na robo natumia punje 8 za kitunguu saumu, tangawizi mbichi ya ukubwa wa kidole gumba, pilipili mbuzi moja iliyoiva, kijiko kimoja cha chai cha uzile uliokaangwa mkavu mpaka ukaanza kunukia, nusu kijiko cha pilipili manga, nusu kijiko cha bizari ya manjano, vijiko viwili vya chai vya chumvi, maji ya ndimu mbili na vijiko vitatu vya mezani vya mafuta. Pilipili manga yangu inatoka Amani, kule milimani Muheza, na naitwanga siku hiyohiyo. Anayeogopa ukali asiondoe mbegu akadhani amemaliza. Ukali mwingi uko kwenye ule utando mweupe unaozishikilia mbegu. Toa utando, pilipili mbuzi itakuachia harufu yake nzuri, na moto wake utapungua.

Pilipili hii tunaiona yetu, na kweli imekuwa yetu, lakini asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Kabla Wazungu hawajavuka bahari kwenda huko mwishoni mwa karne ya 15 hapakuwa na pilipili mbuzi wala pilipili kichaa katika pwani hii. Waliotaka ukali walitumia pilipili manga na tangawizi, zilizokuja na majahazi kutoka upande wa Bara Hindi. Wareno ndio walioieneza pilipili katika bandari za Bahari ya Hindi. Kotmiri nayo jina lake limetoka Kigujarati. Ukienda Nairobi utaambiwa dania, nalo ni neno la Kihindi. Dar es Salaam watakupa giligilani. Na Unguja ukisema giligilani pengine utapewa mbegu zake, maana jani wanaliita kotmiri. Maparsi waliokaa Unguja wana samaki wao wa asili anayefungwa ndani ya jani la mgomba pamoja na chatne ya nazi, kotmiri na pilipili mbichi, kisha akapikwa kwa mvuke. Nazi ninayotia mimi kwenye majani yangu nadhani ina undugu na chatne hiyo, ingawa Bibi alisema ni ya kwao Pemba na hakutaka majadiliano.

Mpae samaki magamba, mtoe matumbo na matamvua, muoshe, kisha mkaushe kwa kitambaa safi. Hatua ya kukausha inarukwa na wengi. Samaki aliyelowa maji hashiki viungo, na motoni anachemka badala ya kuokwa. Mchanje chale tatu kila upande, ndefu, zifike karibu na mfupa. Paka viungo, vingi uvishindilie ndani ya chale na tumboni, kidogo tu kibaki juu ya ngozi. Muache nusu saa. Asilale na ndimu usiku kucha, maana ukali wa ndimu unaivisha mnofu kabla ya moto, na ukizidi mnofu unakuwa kama chaki. Ukitaka kumwandaa tangu usiku, mpake viungo vyote bila ndimu, umweke kwenye friji, ndimu uitie asubuhi.

Chini ya samaki natandaza duara za kitunguu maji kimoja na nyanya mbili. Zinamzuia asigande kwenye sinia, na maji yake yanachanganyika na mafuta ya samaki yakawa mchuzi mzito, mwekundu, ambao watoto wangu wanaugombania kuliko samaki.

Mwenye oveni aiwashe mapema ifike nyuzi 200 kabla samaki hajaingia. Changu wa ukubwa huo anachukua dakika 25 hadi 30. Usimfunike kwa foili, labda mkia peke yake kama unaungua. Kwa asiye na oveni, hivi ndivyo alivyofanya Bibi, na ndivyo ninavyofanya mpaka leo Jumamosi nikiwa uani. Chukua sufuria kubwa nzito, pana kiasi cha kumeza sinia dogo. Weka mchanga safi mkavu chini, kina cha vidole viwili. Bandika juu ya seredani, funika, mchanga upate moto robo saa. Ingiza sinia la samaki, funika kwa kifuniko cha bati kisicho na tundu, kisha palia makaa juu ya kifuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanaweka moto mkali chini kama wanaochemsha maharagwe. Nyanya zinaungua, na mgongo wa samaki unabaki mweupe. Moto wa juu ndio unaompa samaki rangi. Usifunue kila mara. Kila ukifunua joto linatoka na majivu yanaingia. Funua mara moja baada ya dakika 25.

Lakini mkaa unakwenda ukipungua majumbani, na ni vizuri upungue, kwa macho na mapafu yetu na kwa misitu. Serikali ya Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na dada zangu wengi wana mtungi wa gesi wenye plati mbili tu, oveni hawana. Nimejaribu kwao. Kikaango kizito chenye kifuniko kinafaa: mafuta kidogo, samaki kwa moto wa wastani dakika 5 bila kumgusa mpaka ngozi ishike rangi, mgeuze kwa miiko miwili, zungushia nyanya na vitunguu, funika, punguza moto, dakika 12 hadi 15. Si kuoka kwenyewe, lakini ladha inakaribia sana.

Kujua kama ameiva, usimtegemee mtu wala saa. Ingiza ncha ya kisu kwenye mnofu mnene nyuma ya kichwa, uusukume kidogo. Ukiachana na mfupa kwa hiari yake, na ndani ni mweupe wote bila sehemu inayong'aa kama kioo, mtoe. Jicho litakuwa limegeuka jeupe pia. Dakika 5 za ziada zinatosha kumkausha changu aliyekuwa mzuri, na hakuna mchuzi utakaomrudisha.

Akishatoka, aachwe apumue dakika 5. Dakika hizo ndizo za majani.

Majani nayaosha mapema, na kwa bidii, kwa sababu hayatapita motoni. Kotmiri nyingi ya mjini inalimwa mabondeni na kumwagiliwa maji ambayo hakuna anayejua yametoka wapi, na hata ile nzuri inayoshuka kutoka Lushoto imepita mikono mingi. Nazamisha fungu zima kwenye karai la maji safi, natikisa, namwaga, nabadilisha maji mara tatu au mpaka chini kusibaki mchanga. Kisha nayatandaza kwenye kitambaa yakauke. Ubao na kisu vilivyogusa samaki mbichi havigusi majani haya mpaka vioshwe kwa sabuni.

Nakata kwa kisu kikali mafungu mawili ya kotmiri pamoja na vijiti vyake vyembamba, kwani vijiti vina harufu zaidi kuliko majani, konzi moja ya nanaa, majani mawili matatu ya kitunguu, na pilipili ya kijani moja isiyo kali sana. Sipendi kuyasaga kwenye bleda. Bleda inayaponda yakawa rojo, na baada ya nusu saa yanageuka rangi ya chai. Naongeza vijiko vitatu vya nazi changa iliyokunwa kwenye mbuzi, chumvi kidogo, ndimu moja. Halafu kitu ambacho Bibi alikifanya bila kukisema, nami nilikiona kwa kumchungulia: anachota vijiko viwili vya mchuzi wa moto kutoka kwenye sinia, anauchanganya na majani kwa mkono, kisha ndipo anamfunika samaki kuanzia shingoni mpaka mkiani. Joto la samaki linayaamsha majani bila kuyaunguza. Harufu inapanda mtu akiwa amekwisha kaa mkekani, na kwenye sahani inamkuta.

Kuna watu ambao kotmiri kwao ina ladha ya sabuni. Shemeji yangu mmoja ni hivyo, na kwa muda mrefu tulimwona mchaguzi wa chakula. Si uchaguzi, watafiti wameona kuwa jambo hili linahusiana na urithi, namna pua ya mtu ilivyoumbwa kunusa. Kwake naweka nanaa na majani ya kitunguu peke yake, na nazi naongeza. Anakula mpaka kichwa.

Na kichwa kisitupwe. Nyama ya mashavuni ndiyo laini kuliko zote katika changu, na kwetu inapewa mgeni au mtu mzima.

Cha kulia ni hiari ya nyumba. Wali wa nazi unaheshimika, muhogo wa kuchemsha unatosha, lakini mtu wa Tanga ukimuuliza atakwambia bada, ugali ule wa unga wa muhogo, mlaini na wa kuteleza, unaomegwa kidogo, ukachovywa kwenye mchuzi wa nyanya, ukashikwa pamoja na kipande cha samaki na majani yake. Bada ikipoa inakuwa ngumu, kwa hiyo songa wakati samaki anapumua.

Samaki wa kilo moja na robo anatosha watu wanne. Kukiwa na bada, watano.